Wakonyo Wawili

Ukitaka kumjua Nyawira Kingori, usimwangalie siku aliposhindwa. Mwangalie siku mwenzake anaposifiwa.

Asubuhi ile mwenzake alikuwa anasifiwa, tena kwa Kiingereza, katika chumba cha hoteli mjini Nyeri chenye dirisha linaloelekea mlimani. Mlima wenyewe haukuonekana. Ulikuwa umejifunika mawingu tangu alfajiri. Kathurima, Mmeru mrefu aliyekuwa sajini wa upelelezi pamoja na Nyawira kabla hawajaacha kazi ya serikali na kufungua ofisi yao, alisimama kando ya ukuta, mikono nyuma, akijifanya hasikii sifa zake.

Ukutani palibandikwa karatasi ndefu iliyoanzia mlangoni na kuishia kwenye pazia. Ilikuwa nasaba ya ukoo wa Griffins. Sophie Griffins, mama wa miaka sitini hivi kutoka Massachusetts, alisafiri nayo ikiwa imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, na ndani ya ndege aliipakata. Upande wa mlangoni ndiko walikoanzia wazee wake, waliovuka bahari wakati Amerika ingali koloni la mfalme wa Uingereza. Walikuwa watu wa dini kali, na majina yao yalikuwa maneno matupu ya dini: huyu Shukrani, yule Ongezeko, mwingine Aliyehifadhiwa. Kisha wajukuu wakarudishiwa majina hayo hayo, kizazi baada ya kizazi, mpaka macho yanachoka kuyasoma.

Kwenye pazia, upande wa pili, palikuwa na tawi moja lililoning'inia bila mtu chini yake. Josiah Griffins. Alikuja Nyeri miaka ya thelathini, akawa na kiwanda cha kupasua mbao, akarudi kwao kabla ya vita vya Hitla, hakuoa. Alipokuwa anakata roho aliwaambia jamaa zake kwamba Nyeri aliacha mtoto wa kiume, kifungua mimba wa mwanamke aliyempikia. Mwanamke huyo aliitwa Wakonyo. Sophie alikuwa amewakodi Nyawira na Kathurima wamtafute mtoto huyo, au uzao wake.

Wakonyo mwenyewe walimpata upesi, makaburini. Alikuwa mke wa Mwai wa Gakindu, huko Mukurweini, na alizaa wana wawili, Mathenge na Ngatia, ambao pia wameshafariki. Kila mmoja wao aliacha binti mkubwa, na kila binti akaitwa kwa jina la nyanya yake, ndivyo desturi inavyotaka. Basi palikuwa na Wakonyo wawili waliokuwa hai. Mmoja alikuwa Mwalimu Wakonyo, binti wa Ngatia, mwalimu mkuu mstaafu anayeishi hapa Nyeri. Wa pili alikuwa Wakonyo binti wa Mathenge, aliyeolewa Mwea, mkulima wa mpunga. Mmoja kati yao alikuwa mjukuu wa Josiah Griffins. Huyo angeandikwa chini ya tawi lile, na katikati ya mwaka angepanda ndege kwenda Massachusetts, ukoo mzima usimame kumpigia makofi.

"Nieleze tena," Sophie alimwomba Kathurima. "Nataka nirekodi."

Kathurima alikohoa kidogo. "Desturi ya Wagikuyu, na hata yetu ya Meru, ni kwamba mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba. Wa pili ndiye anayepewa la babu mzaa mama. Babake Mwai aliitwa Ngatia. Babake Wakonyo aliitwa Mathenge. Kwa hiyo kati ya ndugu hawa wawili, Ngatia ndiye kifungua mimba. Na mzee Josiah alisema mtoto wake alikuwa kifungua mimba."

"Na mate yakakubali," Sophie alisema.

Mate yalikubali. Kathurima aliwatemesha mabinamu wote wawili kwenye vichupa, akavituma maabara ng'ambo, na majibu yalikuja jana. Kichupa cha binti wa Ngatia kilionyesha robo nzima ya damu ya Kizungu, na undugu na Sophie usio na shaka. Kichupa cha binti wa Mathenge hakikuonyesha kitu. Sophie alichukua kalamu yake nzuri, akapanda kwenye kiti, akaandika chini ya Josiah: Ngatia. Chini ya Ngatia akaandika: Wakonyo, mwalimu. Alipanga kuitangaza habari hiyo Jumamosi huko Gakindu, mbele ya jamaa wote.

"Mna bahati kuwa na mtu kama huyu ofisini," alimwambia Nyawira.

Tuseme ukweli, kwa sababu Nyawira mwenyewe hakuwahi kuukana: ulikuwa wivu. Yeye ndiye Mgikuyu, aliyezaliwa Othaya. Yeye ndiye aliyepewa jina la nyanya yake mzaa mama na dada yake mkubwa la yule mzaa baba. Na sasa Mmeru amesimama hapo anamfundisha Mzungu desturi za kwao, na amepata. Nyawira alichukua funguo za gari.

"Unaenda wapi, madam?" Kathurima alimuuliza mlangoni. Alimwita madam kila alipotaka kumchokoza.

"Gakindu. Kuhakikisha."

"Kuhakikisha nini na kesi imeisha?"

"Tahajia," Nyawira alisema, akaondoka.

*

Mzee Muchiri, mdogo wa mwisho wa Mwai, alikuwa anatazama mieleka kwenye televisheni, blanketi magotini, sauti imezimwa. Alikuwa amepita miaka tisini. Nje, kahawa ilishuka mteremko mzima hadi mtoni, miti ya zamani yenye mashina mazito, na hakuna aliyejua kwa hakika ni ya nani, maana hati ya shamba ilikuwa bado ina jina la marehemu Mwai.

"Habari ya mieleka, Guka?" Nyawira alimwita babu kwa Kigikuyu.

"Wanadanganyana," mzee alisema. "Lakini wanadanganyana vizuri. Kaa."

Nyawira alikaa. Mjukuu wa kike alileta chai, akamwekea na mkate, akatoka. Nyawira hakuzunguka.

"Guka, kati ya Mathenge na Ngatia, nani alizaliwa mbele?"

"Hiyo ni swali gani? Mathenge."

"Una hakika?"

"Mimi na Mathenge tulitahiriwa pamoja, kwa mto ile moja. Mwai alikuwa kaka yangu mkubwa sana, mimi ni wa mke wa mwisho, kwa hivyo mtoto wake alikuwa rika yangu. Maji ilikuwa baridi hadi hausikii kisu. Ngatia alikuwa bado kihii, hajatahiriwa. Alitufuata kwa njia akilia, ati yeye pia anataka. Tulimrudisha nyumbani na mawe." Mzee alicheka bila sauti. "Huyo alikuwa na wivu ya ndugu yake hadi akazeeka."

Nyawira aliweka kikombe chini. Moyo ulimdunda, na hakuona haya kwamba ulidunda kwa furaha. Kathurima amekosea. Amekosea, na amekosea mahali penyewe alipopigiwa makofi.

"Sasa Guka, nieleze. Baba yenu aliitwa Ngatia. Mtoto wa kwanza wa Mwai ni Mathenge. Mbona Mwai hakumpatia huyo jina ya baba yenu?"

Mzee alitafuta rimoti ndani ya blanketi, akazima televisheni kabisa.

"Hiyo haiulizwangi kwa hii boma."

"Mimi si wa hii boma."

"Ndio maana nitakujibu." Alijipangusa mdomo. "Wakonyo alikuja hapa na Mathenge mgongoni. Alitoka kwa yule mzungu wa mbao, akarudi kwao, akazalia huko. Mtoto akizaliwa kwao anapewa jina ya kwao. Mathenge ni baba ya Wakonyo. Basi. Mwai akampenda, akaleta mbuzi, akachukua mama na mtoto. Alimlea. Hakuwahi kumchapa kushinda yule mwingine. Lakini jina ya baba yetu aliiweka kando. Alingojea wake."

Alingojea wake. Nyawira alirudia maneno hayo kimoyomoyo, na hesabu yote ya Kathurima ikageuka chini juu. Desturi ilikuwa sawa. Majina yalikuwa sawa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba baba alianza kuhesabu kwa mtoto wa kwanza. Mwai alikuwa ameanza kuhesabu kwa wa pili.

"Nani mwingine anajua hii?"

"Wenye walijua wako chini ya hiyo kahawa. Binti ya Ngatia hajui, lakini ananusa. Si ndiyo maana alituletea ile sheria yake?"

"Sheria gani?"

Mzee alimweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufurahi. Kabla Sophie hajafika nchini, ukoo ulikaa kupanga jinsi ya kuligawa shamba la Mwai. Mwalimu Wakonyo alisimama na Kiswahili chake cha shule, akasema haifai mtu asiye damu ya Mwai apate hata shina moja. Hakumtaja mtu. Lakini alisema Mathenge alikuwa mweupe kupita kiasi, na akamwangalia binamu yake wa Mwea mpaka yule akainamisha kichwa. Wazee wakakubali. Waliomba, wakanywa chai, wakaapa kwamba ndivyo itakavyokuwa. Shamba lingegawanywa Jumamosi.

"Jumamosi hii?"

"Hii inakuja. Na huyo mzungu wenu pia anakuja. Mimi nitakaa mbele."

Nyawira alimshukuru, akarudi garini, lakini hakuwasha. Furaha ilikuwa imeshaanza kumpungua. Kama Mathenge ndiye mtoto wa Josiah, basi damu ya Kizungu iko Mwea. Na maabara haijui mila za Wagikuyu, haimjui Mwai wala Muchiri. Ilisema imeiona damu hiyo kwenye kichupa cha Nyeri.

Ama mzee alidanganya, ama kichupa kilidanganya. Aligeuza gari, akashuka kuelekea Sagana.

*

Mwea kulikuwa na joto la kuvua sweta. Wakonyo binti wa Mathenge alikuwa kwenye uwanja nje ya kinu cha mpunga, anatembea pekupeku juu ya mpunga ulioanikwa kwenye turubai, akiugeuza kwa miguu yake, mstari kwenda, mstari kurudi. Alikuwa mrefu, na jua la miaka mingi lilikuwa limempiga usoni na mikononi hadi huwezi kusema alizaliwa na rangi gani. Nyawira alijitambulisha na kumwamkia.

"Mimi nilijua kuna mtu atakuja," mama alisema. "Lakini nilifikiria ni yule mrefu."

"Mama, niambie kuhusu ile siku ya mate."

Walikaa kwenye magunia. Mama alitoa kijikopo kwenye leso yake, akachukua ugoro kwa vidole viwili, akauweka chini ya mdomo, akajifuta.

"Alitwambia tusikule kitu, tusikunywe kitu. Sikukula. Sikukunywa."

"Na ugoro?"

"Ugoro si chakula."

Nyawira aliinamisha kichwa asionekane anatabasamu. "Ulikuwa nayo mdomoni?"

"Mimi huwa nayo mdomoni hata kanisani. Pasta anajua." Alifikiri kidogo. "Yule mrefu alikuwa ameandika vichupa mapema, akaziweka kwa meza, akaenda nje kuongea na simu. Binti ya Ngatia akachukua zote mbili. Akaniambia, wewe huna miwani, acha nikupatie yako. Akanipatia. Mimi nikatema."

"Hukusoma jina kwa kichupa?"

"Nilisoma. Ilikuwa imeandikwa Wakonyo." Alimwangalia Nyawira kama anamwonea huruma. "Zote zilikuwa zimeandikwa Wakonyo. Ile maandishi ndogo ya chini, ati binti ya nani, hiyo ndiyo sikuona."

Kosa la namna hiyo, Nyawira aliwaza, lingeweza kutokea kwenye boma lolote kati ya hapa na Kangari. Nyanya mmoja anaacha jina lake kwa wajukuu watano, na kila kitu kinachowatenganisha kinaandikwa kwa herufi ndogo.

"Binamu yako angetaka kubadilisha kwa nini?"

"Huyo ananionea wivu tangu tukiwa wadogo." Mama alisema hivyo bila hasira. "Cucu, nyanya yetu, alikuwa analala na mimi, kitanda moja. Alikuwa ananiita mweupe wake. Yule alikuwa anasimama kwa mlango anatuangalia, hataki kuingia na hataki kwenda. Akifika darasa ya nane akaanza kujipaka mafuta ya kung'arisha. Hadi leo. Ukimsalimia angalia vidole, hapa kwa vifundo. Hapo mafuta hukataa kuingia."

"Na wewe? Hujawahi kumwonea wivu?"

"Viatu," mama alisema mara moja. "Baba yake alimnunulia viatu. Mimi nilienda shule pekupeku hadi nikaacha. Nikimwona hata sasa, naangalia miguu kwanza."

Nyawira alimwambia aliyoyasikia Gakindu. Hakuficha. Alimwambia kwamba baba yake alizaliwa kabla nyanya yao hajaolewa, kwamba Mwai alimlea lakini akamnyima jina la ukoo, na kwamba mate yakipimwa tena huenda yeye, mkulima wa mpunga, ndiye akaandikwa kwenye ile karatasi na kupelekwa Amerika. Mama alisikiliza huku vidole vyake vya miguu vikichezea punje za mpunga.

"Nikiwa wa mzungu, mimi si wa Mwai."

"Kwa ile sheria yenu, ndiyo."

"Basi sitemi." Alisimama. "Sikiza, mami. Hii Mwea unaona si yangu. Shamba ni ya skimu ya serikali, mimi ni mpangaji, na watoto wangu watakuwa wapangaji. Niko na mahali moja tu duniani naita kwetu, na baba yangu amezikwa hapo. Huko Amerika nitaenda kufanya nini? Kupigiwa makofi? Mwambie mzungu mate yangu imeisha."

Alirudi juu ya turubai, akaendelea na mstari wake.

Mjini Wang'uru Nyawira aliegesha gari kwenye kivuli cha duka la mbolea, akampigia Kathurima.

"Ulipiga picha vichupa kabla ya kuvituma?"

"Hiyo ni kawaida yangu."

"Nitumie."

Picha iliingia. Vichupa viwili juu ya kitambaa cha meza, majina yakimwelekea mpiga picha. Ndani ya kile kilichoandikwa binti wa Mathenge, mate yalikuwa meupe, safi. Ndani ya kile kilichoandikwa binti wa Ngatia, yalikuwa ya kahawia.

"Hii rangi uliiona?"

"Niliiona. Nilifikiria Mwalimu amekunywa chai na anaona aibu kusema."

"Ni ugoro, Kathurima. Na Mwalimu Wakonyo ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Hajawahi kushika ugoro maisha yake."

Nyawira alikuwa ameupanga wakati huu tangu Gakindu. Alikuwa hata na maneno yake tayari. Lakini Kathurima alisema tu, "Niliwaacha nikaenda kuongea na simu. Nimeharibu," na sauti yake ilikuwa ndogo, na maneno yale aliyoyaandaa yakawa hayana ladha.

"Tafuta kichupa kingine kipya," alimwambia. "Unipe kwa barabara, pale Ruring'u."

*

Mwalimu Wakonyo alimkaribisha Nyawira kwa vitu kwanza: mto wa kuegemea, chai, keki aliyoikata vipande sawasawa. Ukutani alikuwa ameshatundika picha ya Sophie na yeye, ndani ya fremu mpya. Alikuwa mwanamke nadhifu, mweupe wa uso, na alipomimina chai Nyawira aliviangalia vifundo vya vidole vyake. Vilikuwa vyeusi, kila kimoja.

"Nimeanza kusoma historia ya Massachusetts," Mwalimu alisema. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha kufundishia. "Wazee wetu hawakuwa watu wa mzaha."

"Wazee wa nani, Mwalimu?"

"Wa ukoo. Wa Griffins."

Nyawira aliweka simu mezani, ile picha ikiwa wazi, akaisukuma upande wake. Mwalimu alivaa miwani.

"Mwalimu, huwa unatumia ugoro?"

"Swali gani hilo? Mimi nimeokoka."

"Basi haya mate si yako."

Mwalimu aliitazama picha. Hakuigusa. Aliitazama kwa muda ambao mwalimu hutazama karatasi ya mtihani akijua tayari imeibwa.

"Sampuli zinaweza kubadilika rangi njiani," alisema.

"Hii ni kabla ya njia. Hii ni kwa meza ya Gakindu."

"Kathurima ndiye aliyeandika majina. Muulize yeye."

"Nimemuuliza. Nimeuliza pia binamu yako. Alisema ulimsaidia kwa sababu hana miwani." Kisha akaongeza, "Na nimemuuliza Guka Muchiri. Mathenge alizaliwa mbele. Alikuja mgongoni. Baba yako Ngatia ni mtoto wa Mwai, wa kwanza wa kweli, ndiyo maana akapewa jina kubwa. Wewe si Griffins hata kidogo."

Mwalimu alivua miwani na kuikunja. Nyawira alitegemea machozi, au matusi. Hayakuja.

"Nilijua," Mwalimu alisema. "Si kwa kuambiwa. Unajua kuwa mtoto mbele ya mlango, nyanya yako anamsuka mwenzako nywele na kuzishika kama hariri? Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Nilikuwa nasoma Biblia kwa sauti. Aliniambia vizuri, vizuri, kisha akarudi kwa zile nywele. Halafu mzungu anakuja na karatasi ya ukuta mzima, na kwenye ukuta mzima kuna nafasi moja, na nafasi hiyo pia ni yake." Alikuwa anaongea polepole, kama anasomesha imla. "Hajui hata Massachusetts iko wapi. Angeenda kule na ugoro mdomoni."

"Mwalimu, sijakuja kukuhukumu. Nimekuja na hii."

Nyawira alitoa kichupa kipya, akakiweka kando ya keki.

"Picha pekee si ushahidi wa kutosha. Sophie amefurahi na hatataka kuniamini. Binamu yako amekataa kutema tena, hataki Amerika. Kwa hivyo imebaki wewe. Ukitema, ukweli utajulikana na nasaba itarekebishwa. Ukikataa, siwezi kukulazimisha. Utabaki ukutani, na Jumamosi Sophie atasimama Gakindu atangaze kwamba wewe ni mjukuu wa Josiah."

"Basi nitakataa," Mwalimu alisema. "Umemaliza? Chukua keki."

"Bado. Atatangaza mbele ya nani?"

"Mbele ya jamaa."

"Jamaa wenye wamekutana siku hiyo kufanya nini?"

Mwalimu alikuwa ameinua birika. Lilibaki hewani. Nyawira aliona hasa wakati jambo hilo lilipomwingia, maana chai ilianza kumiminika kwenye kitambaa badala ya kikombeni.

"Uliwaapisha wewe mwenyewe," Nyawira alisema. "Asiye damu ya Mwai hapati shina moja. Ukiwa Griffins, baba yako hakuwa wa Mwai. Shamba lote la Gakindu litaenda kwa binti wa Mathenge, na Guka ameniambia atakaa mbele."

Mwalimu aliteremsha birika. Alikaa, akaweka mikono juu ya magoti yake, vifundo vikionekana, na kwa mara ya kwanza hakujali kuvificha. Alikitazama kichupa. Kisha akaitazama fremu ukutani. Halafu akarudi kwenye kichupa, kama mtu anayepiga hesabu inayokataa kutoka sawa.

"Nikitema," alisema, "Gakindu ni yangu."

"Ndiyo."

"Na yeye anaandikwa ukutani. Anaitwa Griffins. Hata akikataa kwenda."

"Hata akikataa kwenda. Jina litakuwa pale."

"Na nisipotema, mimi ni Griffins. Na yeye anachukua kahawa."

"Yote."

Nje, jirani alikuwa anaita kuku wake. Nyawira alimngoja, kwa sababu katika kazi hii mtu akifika mahali hapo hupaswi kumsukuma. Atajiangusha mwenyewe upande mmoja au mwingine, na wewe unaandika tu. Alitegemea kusikia moja kati ya majibu mawili.

Mwalimu Wakonyo aliinua uso. Kiswahili chake chote cha darasani kilikuwa kimemtoka, na aliuliza kwa sauti ya mtoto aliyesimama mlangoni.

"Na hakuna njia yeye akose zote mbili?"